Chama cha Mbwa wa Mstari

Kila mwaka, siku ya mkutano mkuu, Wenceslaus huvaa miwani yake, akasimama mbele ya wanachama na kusoma historia ya Chama cha Wafugaji wa Mbwa wa Mstari. Anasoma vizuri, sikatai. Alikuwa karani wa ushirika enzi pamba bado inalipa, na mpaka leo akisema "ndugu wajumbe" utadhani yuko ofisini. Lakini historia yake huruka kila palipo na aibu. Kwa hiyo leo nasimulia mimi, Skolastika, mke wa mwenyekiti. Sikuwa mwanachama wakati huo, lakini uji wa mikutano yote niliupika mimi, na mpika uji husikia mengi kuliko mjumbe.

Asiyemjua mbwa wa mstari nimweleze. Ni mbwa mwekundu, rangi ya udongo wa kichuguu, masikio yameanguka, na katikati ya mgongo ana ufito wa manyoya yaliyolala kinyume, yanaelekea kichwani badala ya mkiani. Huo ndio mstari. Habweki ovyo. Ng'ombe akitolewa zizini na mtu asiye wake, mbwa huyo atafuata kimyakimya, na ole wake aliyeshika kamba.

Babu zetu hawakumuuza hata siku moja. Ukitaka mtoto wa mbwa unakwenda asubuhi kwa mwenye mbwa na jembe begani, unaliegemeza mlangoni, unanyamaza. Mwenyewe akilichukua akaliingiza ndani, umepata. Akiliacha nje, beba jembe lako urudi kwako, na hapana kuulizana. Wazee walisema mbwa aliyeombwa kwa mdomo hukua ombaomba.

Sisi tunaishi vilimani, kati ya Kiabakari na Butiama. Baada ya vita vya Uganda maisha yalikaza. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, sukari tulikuwa tunaiota, na jembe jipya lilikuwa habari ya kupeana njia nzima. Mtu alichobaki nacho ni ng'ombe wake, na wezi wa ng'ombe nao walijua hivyo. Ndipo wanaume kadhaa wakakaa uani kwangu wakaanzisha chama. Mume wangu Wanzagi akawa mwenyekiti, Wenceslaus akawa katibu, na katiba ikaandikwa nyuma ya karatasi za kupimia pamba, maana karatasi nyingine haikuwapo.

Lengo la kwanza lilikuwa hili: mwanachama akipiga yowe, wote watoke na mbwa wao, awe mtu anakula, awe anaoga. La pili, damu ya mbwa wa mstari isipotee. Na ili yowe lisigeuzwe mchezo, wakaweka faini. Atakayepiga yowe la uongo achinje beberu, wanachama wale.

Malengo mazuri kabisa. Kwa lile la kwanza walijitahidi, wezi wakaanza kupita mbali na kilima chetu. Lile la pili waliliua wenyewe kwa mikono yao, huku wakilisoma kila mkutano. Nitaeleza walivyoliua.

Wanaume wa huku wanapenda dume. Wanasema kufuga jike ni kufuga ugomvi, kwa sababu siku akitaka dume, mbwa wa kijiji kizima huhamia kwako, wanachimba uani na kupigana mpaka mnakosa usingizi. Kwa hiyo mbwa akizaa, madume waligawanywa, majike wakatiwa kwenye gunia na gunia likaenda mtoni. Kila mmoja alifanya hivyo nyumbani kwake, akiamini jirani yake bila shaka amebakiza jike mmoja.

Aliyebakiza alikuwa Thadeo peke yake, naye kwa bahati. Alikuwa mwanachama, ana dume lake zee, siku hiyo akaenda kuchukua dume jingine akakuta wamekwisha. Kilichobaki ni jike mmoja, tayari yumo guniani. Thadeo akamtoa, akampelekea mkewe Boke. Wenzake walimcheka wiki nzima. Boke akamwita yule mbwa Mtanikumbuka. Huku kwetu jina la mbwa si la mbwa. Lile unaloshindwa kumwambia jirani usoni unampa mbwa, kisha unamwita jioni kwa sauti kubwa. Dume la mume wangu liliitwa Semeni, la Wenceslaus liliitwa Azimio.

Haukupita muda Thadeo akaugua ini akafa, na dume lake likamfuata masika yale yale. Boke akabaki na mtoto mmoja, Bernado, ambaye alikuwa mvuvi huko Kibara na hakuonekana ila Krismasi, na mzigo wa samaki wakavu. Akabaki pia na ng'ombe sita na yule jike.

Siku moja wezi wakamjia. Boke akapiga yowe mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa kwa wazazi wangu Butiama, lakini niliporudi niliuliza nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ilikuwa imesikia. "Tulijua si mwanachama tena," wakaniambia. Basi. Mtanikumbuka peke yake aliwapigania ng'ombe, akarudi na jeraha la panga begani, na ng'ombe wanne. Wawili walikwenda moja kwa moja.

Mkutano uliofuata Boke akaja uani kwangu, amejifunga kanga ya msibani. Hakukaa.

"Shemeji Wanzagi," akasema, "mimi sikuja kuomba mbwa. Mbwa ninaye. Nimekuja niandikwe. Thadeo alikuwa anatokaga kwa kila yowe lenu. Hata na homa alitokaga."

Mume wangu akakohoa. "Shemeji, tunakuheshimu sana. Ila katiba inasema mwanachama ni mwanaume mwenye mbwa. Na hiyo mbwa yenyewe uliyonayo ni jike. Jike itamfukuza mwizi gani?"

"Basi nijibuni neno moja tu. Nikipiga yowe, mtakuja?"

Wenceslaus akafunua ukurasa, kana kwamba jibu liko ukurasa wa pili. Boke akawatazama mmoja mmoja, akaondoka. Nilikuwa nimeshika kata ya uji, nikairudisha chunguni. Jioni mume wangu aliponiuliza chakula kiko wapi, nikamwambia, "Baba Felisiani, mwambie katibu akupikie katiba. Naona inatoshaga kwa kila kitu."

Miaka ikasogea. Ruksa ikaingia, biashara zikafunguliwa, nasi tukaanza kuona vitu ambavyo watoto wetu hawakuwahi kuviona: sabuni za kunukia, betri, suruali za mitumba. Pamoja na vitu hivyo akaja Danford. Alikuwa mfanyabiashara wa Nyasho, Musoma mjini, anauza mitumba kwa marobota, ana pikapu na tumbo lake linatangulia. Alisimamisha pikapu nyumbani kwetu siku ya mkutano.

"Mimi nina mbwa mkubwa, wale wanaitwaga wa polisi," akasema. "Anakula nyama kuliko mimi. Juzi mwizi amepita juu yake ameingia stoo, mbwa amelala tu. Nimeambiwa nyinyi hapa ndiyo wenye mbwa. Nataka watoto wawili. Na wenzangu mjini wanataka. Hii kitu inaweza kuwa kubwa, mwenyekiti."

Wanzagi akavimba kwa furaha. Wenceslaus akafungua katiba akasoma lengo la pili kwa sauti ya kanisani. Danford akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote anayefuga hata kuku angeuliza.

"Sawa. Sasa majike mnao wangapi?"

Wanzagi akamtazama Wenceslaus. Wenceslaus akamtazama aliyekaa karibu naye, na huyo akamtazama mwingine, macho yakazunguka ua mzima yakarudi kwa mume wangu. Mbwa wao walikuwa wamelala kivulini, wote madume, midomo imeanza mvi. Nyuma ya ukuta wa jiko nikacheka mpaka nikakaa chini. Chama cha kulinda uzao, hakina hata tumbo moja la kuzalia!

Mmoja wao ndiye aliyesema polepole, "Kuna yule wa Mama Bernado."

Danford alikuwa mwepesi kuliko chama. Kesho yake alikuwa kwa Boke. Akamweleza kwamba atamchukua Mtanikumbuka, ampandishe kwa mbwa wake wa polisi, na yeye Boke ataezekewa nyumba yote kwa bati. Bati! Nyumba ya Boke ilikuwa ya nyasi, na ikinyesha alilala amekunja miguu kwenye kona moja. Danford akasema atapita tena wiki ijayo kuchukua jibu.

Nilimkuta Boke mtoni anafua. Mtanikumbuka alikuwa amelala juu ya jiwe, kovu la panga linaonekana, anatuangalia.

"Utamtoa?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama Felisiani." Akakamua kanga kwa nguvu. "Bati ni kitu. Lakini bati halitokagi nikipiga yowe. Huyu alitoka."

"Na chama je? Wanakuja leo, nimewasikia."

"Waje. Jibu langu wanalo tangu siku ile. Mimi ndiye sina jibu lao."

Walikwenda kweli, mume wangu na Wenceslaus, wamevaa mashati ya Jumapili. Wenceslaus akamweleza Boke kwamba kamati imetafakari, na iko tayari kumpa nafasi ya mwanachama mshiriki.

"Mshiriki akipiga yowe mnatoka?" akauliza Boke.

"Aa, mshiriki anahudhuria mikutano," akasema Wenceslaus. "Haki nyingine zitaangaliwa mbele ya safari."

Boke akaingia ndani akafunga mlango. Mume wangu alirudi na hasira. Nilimuuliza kama angekubali kuwa mume mshiriki, haki nyingine tukaziangalie mbele ya safari. Usiku ule alijigeuza kitandani mara nyingi.

Siku ya mnada wa Kiabakari ikafika, na siku hiyo wanaume wote huenda, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe. Wezi nao wanayo kalenda. Boke alikuwa bondeni anachunga ng'ombe wake wanne mwenyewe, jua la saa nane. Sisi wanawake wengine tulikuwa mtoni na kwenye mihogo, si mbali. Asubuhi ile nilishangaa kumwita Semeni ale, nikaita, nikaita, hayupo. Jirani naye hakumwona wake. Tukadhani wamefuata wenyewe mnadani.

Kumbe Mtanikumbuka alikuwa anataka dume. Na chama kizima, nikisema chama nina maana ya wanachama wenye miguu minne, kilikuwa kimehamia kwa Boke tangu alfajiri. Hao mbwa wenye mvi walikuwa wamemzunguka yule jike bondeni, wananguruma, wanasukumana, kila mmoja kijana tena.

Wezi watatu wakatokea kwenye minyaa. Hawakuona mbwa, maana nyasi zilikuwa ndefu. Waliona mwanamke mmoja na ng'ombe wanne. Mmoja akamshika Boke mkono, wawili wakawaendea ng'ombe. Boke akapiga yowe.

Nalisikia yowe lile mpaka leo. Nilitupa nguo mtoni, nikashika jembe la mtu sijui la nani, nikakimbia. Wanawake wakatoka kwenye mihogo na majembe yao, mwingine na mchi, mwingine na jiwe la kufulia. Tulipofika tukakuta kazi imeshaanza. Mtanikumbuka alikuwa amemrukia yule aliyemshika Boke, na alipokwenda yeye madume wote walikwenda. Sijawahi kuona utii wa namna ile hata kanisani. Wale wezi walikimbia wakipiga mayowe yao wenyewe, nasi nyuma yao tunapiga vigelegele. Tuliwasindikiza mpaka barabarani. Hakuna ng'ombe aliyepotea. Azimio alirudi amebeba mguu mzima wa suruali ya mtumba, na hakutaka kuuachia.

Wanaume waliporudi jioni walitukuta tumekaa kwa Boke, majembe magotini, mbwa wao wamelala mlangoni kwake. Mume wangu akamwita Semeni. Semeni akafungua jicho moja, akalifunga.

"Nani alitoka?" akauliza Wanzagi.

"Sisi," nikasema. "Yowe limepigwa, mbwa wametoka, mwizi amefukuzwa. Lengo la kwanza, kama linavyosomwaga. Mliokosekana ni nyinyi."

Akaona alama za vidole kwenye mkono wa Boke. Mume wangu ni mbishi, lakini si mtu mbaya, na uso wake ulibadilika pale pale. Akavua kofia. "Shemeji," akasema, "lile swali lako. Tulipaswa kukujibu siku ile ile."

Mkutano uliitwa kesho yake. Wenceslaus akafuta maneno "mwanaume mwenye mbwa" akaandika "mtu mwenye mbwa", akafanya kirahisi tu, kama mtu anayerekebisha koma. Boke akaandikwa. Na mimi nikaandikwa, maana Semeni alikula kwa mkono wangu tangu mdogo. Danford alipokuja kuchukua jibu, Boke akamwambia mbwa hatoki, ila akitaka mtoto anajua utaratibu: jembe mlangoni, mdomo umefungwa.

Watoto wakazaliwa. Macho yao yalipofunguka, wa kwanza kufika asubuhi alikuwa mume wangu. Majembe mapya yalikuwa yameanza kuonekana madukani, lakini yeye alibeba lake mwenyewe la kulimia, mpini umeng'aa kwa jasho lake. Akaliegemeza mlangoni kwa Boke, akasimama, yeye anayependa kuongea kuliko redio, kimya. Boke alimwacha asimame kidogo. Nilikuwa nachungulia, nikasema moyoni, dada, muongeze kidogo tena. Kisha akatoka, akalitazama jembe, akaliingiza ndani. Akarudi na mtoto wa mbwa akampa. Wanzagi akamgeuza tumbo juu.

"Ni jike," akasema.

"Ni jike," akasema Boke. "Kila mtu kwanza jike. Dume watakuja baadaye, kama watakuwepo."

Danford naye alifika, na jembe jipya linanuka rangi, amefunga mdomo kwa shida mpaka jasho linamtoka. Akapewa jike. Leo ukipita Nyasho, ukiona mbwa mwekundu mwenye mstari analala mlangoni pa duka, usimkanyage.

Hapa ndipo Wenceslaus anapomalizia historia yake, wanachama wanapiga makofi. Lakini kuna siku moja haisomi, anasema inavunja nidhamu ya chama.

Ilikuwa miezi kadhaa baadaye, asubuhi, jua limeshapanda, watu wako mashambani. Yowe likatoka kwa Boke. Refu, la kupasua kifua. Nikaacha mboga motoni. Mume wangu alikuwa ananyoa, akatoka mbio na povu shavu moja, maana sabuni ilikuwa imerudi, na Semeni mzee anachechemea mbele yake. Wenceslaus alikuja na kiatu kimoja. Kutoka kila upande wa kilima watu walikuwa wanashuka na mbwa wao, wakubwa kwa wadogo, hata wale majike wadogo wanaojikwaa kwenye miguu yao. Tulifika kwake tunahema.

Boke alikuwa amesimama mlangoni. Ng'ombe wake wamo zizini, wanacheua.

"Wako wapi?" akauliza Wanzagi.

"Hawapo."

"Wamepita upande gani?"

"Hawajaja, shemeji. Hakuna mtu amekuja."

Wenceslaus akapandwa na hasira. "Mama Bernado! Hili ni yowe la uongo! Katiba inasema..."

"Najua inavyosema." Boke akasukuma mlango wa jiko. Chungu kikubwa kilikuwa motoni, na ngozi ya beberu imewambwa ukutani. "Nilichinja kwanza, ndiyo nikapiga. Faini yenu imeshaiva."

Tukatazamana. Mume wangu akajifuta povu kwa kiganja. "Sasa kwa nini, shemeji?"

Boke akafungua mdomo, akaufunika kwa kanga. Alituangalia mmoja mmoja, kama siku ile uani kwangu. Lakini safari hii kila aliyeangaliwa alikuwa anahema.

"Nilitaka kuona," akasema.

Sikuweza kujizuia, nililia, na si mimi peke yangu. Wanzagi akaweka fimbo yake chini, akatafuta gogo, akakaa.

"Basi tumekuja," akasema. "Mama Felisiani, angalia kama chumvi inatosha."

Beberu alikuwa mzee na nyama ilikuwa ngumu. Hakuna aliyebakiza.